Katekista Hajarudi

Msiniulize jina lake. Nalijua, na niliwahi kulitamka kwa sauti kubwa, mchana kweupe, uwanjani kwake pale Mnyambe. Sitalirudia. Hapa ataitwa Katekista, kama tulivyomwita safarini, na mkinivumilia mtaelewa sababu.

Alikuwa mtu mrefu wa koti. Koti lenyewe la kaki, la mitumba, lilikuwa na mifuko mikubwa mbele, na alilivaa hata jua linapopasua vichwa. Ukimuuliza kama haoni joto, anakuambia joto ni la mwili, koti ni la kazi. Baiskeli alikuwa nayo, lakini mimi sikuwahi kumwona juu yake. Aliikokota tu, Biblia imefungwa nyuma kwa mpira, kutoka Mnyambe mpaka Newala mjini na kurudi, kana kwamba baiskeli ndiyo iliyokuwa mgonjwa na yeye anaipeleka hospitali. Chai aliitia sukari mpaka kijiko kinasita kuzunguka. Tukimtania, anasema utamu wa dunia hii ni mchache, achukue wake mapema.

Kitu alichokichukia ni sala ndefu. Padre akizidisha maombi, Katekista alikuwa na kikohozi chake, kifupi, kikavu, cha mara mbili: khu-khu. Kanisa zima tulikijua. Kikisikika, hata Padre mwenyewe anakimbilia amina. Kikumbukeni kikohozi hicho.

Sasa niseme habari ya safari. Watu wakisikia misheni wanafikiri Wazungu wa kofia na kamera wanaoshuka kwenye gari, wanapaka ukuta rangi, wanalia siku ya kuaga. Wapo, watu wa Lulindi na Ndanda wamewaona sana, na hatuwakatai. Lakini na sisi tulikuwa na misheni yetu ya nje. Kila mwaka, kabla korosho hazijaanza kuanguka, kanisa letu lilituma kikundi kidogo ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Tunateremka mlima, tunavuka kwa mtumbwi, tunakaa wiki mbili kwenye kijiji ambacho padre wao huonekana kwa nadra. Katekista anafundisha watoto wa kipaimara. Fundi anaziba paa. Dawa, muuguzi mstaafu mwenye mkono mwepesi, anasafisha vidonda. Mimi napika, na kupika kwa wahubiri ni huduma ngumu kuliko kuhubiri, wanaobisha waje wasonge ugali wa watu wale.

Wenyeji wa kule ni ndugu zetu, tunasikilizana kwa Kimakonde na Kimakua, huyu shangazi wa fulani, yule mkwe wa fulani. Hata hivyo ni nchi nyingine, na vibali vya kuvukia tulivihangaikia ofisi kwa ofisi. Miaka ya vurugu upande ule hatukwenda kabisa.

Katekista alikuwa na sharti moja kuhusu mto, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Kabla ya kupanda mtumbwi, kila mtu anamsogelea na kumnong'oneza sikioni jina lake la nyumbani. Hataki la ubatizo. Anataka lile la unyagoni au jandoni, au lile mama yako alilokuitia chakula ukiwa mdogo. Ukishalisema, umeliacha. Kuanzia hapo wewe ni kazi yako: Dawa, Fundi, Mpishi. Ng'ambo hakuna kuitana majina. Siku ya kurudi, yeye anatangulia kushuka upande wetu, anasimama mchangani na kutuita mmoja mmoja kwa jina ulilomwachia. Unaitika, unashuka. Hujaitwa, unakaa mtumbwini hata kama mkojo umekubana.

"Mtu anayevuka mto mkubwa," alituambia, "mwili unafika kabla ya mwenyewe. Asipoitwa, mwili unarudi peke yake."

Padre hakupenda. Alikuwa kijana, ametoka chuoni na viatu vyake vya kung'aa, na siku ya kwanza alipolisikia sharti lile akamvuta Katekista pembeni, ila si mbali vya kutosha.

"Baba, wewe ndiye uliyewachomea watu hirizi zao hapa. Hili nalo ni nini?"

"Hili ni adabu, Padre."

"Ni ushirikina."

"Wewe ukirudi nyumbani kwenu huitwi? Unaingia tu kama mbuzi?"

Padre akanong'ona jina lake. Tulicheka wiki nzima. Lakini ni kweli, Katekista alikuwa mkali kwa waganga kuliko mtu yeyote ninayemjua, na bado sharti lile hakuliachia hata kidogo. Nilipomuuliza alilitoa wapi, akasema jandoni, na mambo ya jandoni mwanamke haulizi. Basi nikaishia hapo, ingawa nilikereka.

Nyinyi mtauliza, na yeye nani alimwita? Mkewe, Mama Esta. Yeye havuki. Siku ya kwenda, Katekista anamwachia jina lake yeye, sikioni, nyumbani kwao. Siku ya kurudi, mama wa watu anateremka mlima wote ule, anakaa kando ya maji akitungoja. Mtumbwi ukikaribia, anakunja kanga, anaingia majini mpaka magotini, anainama kwenye sikio la mumewe. Mke kwetu hapigi kelele na jina la mume. Sisi hatusikii kitu, tunasikia tu Katekista akiitika, "Naam!" Anashuka akitabasamu, ndipo anaanza kutuita sisi. Mama Esta alikuwa na sauti ya kukwaruza, sauti ya mtu aliyefukuza ngedere mashambani utoto wote, na nilimpenda sana. Alinifundisha kupika kisamvu cha kungolo, korosho changa zile, kisicho na mfano.

Alifariki sisi tukiwa ng'ambo. Homa ilimchukua ghafla, simu zetu kule hazikushika mtandao, na maiti haikuweza kutungoja. Tulipofika mtoni siku ya kurudi, aliyekuwa amesimama kando ya maji ni Esta, binti yao, amejifunika kanga gubigubi.

Katekista alimwita kutoka mtumbwini. "Mama yako yuko wapi?"

Esta akalia. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi.

Mpiga kasia alisukuma mtumbwi mpaka ukagusa mchanga. Katekista alikaa. Maji yalipiga ubao. Padre, masikini, akitaka kusaidia, akarukia mchangani na kumwita kwa jina lake la ubatizo. Katekista akamwangalia kwa upole.

"Hilo nilikwenda nalo, Padre, na nimerudi nalo. Lililobaki ni lile lingine."

Kisha akainuka, akashuka bila kuitwa. Alisimama pale pale anaposimama siku zote, akatuita wote, jina baada ya jina, hakukosea hata moja. Mimi nilipoitika, sikuweza kumtazama usoni.

Mwanzo tulisema ni majonzi. Mtu aliyefiwa huwa mbali, hiyo inajulikana. Lakini huyu alikuwa mbali kwa namna yake. Mbwa wao, aliyekuwa akibweka kila kiumbe mpaka upepo, aliacha kumbwekea, aliacha na kumtikisia mkia, akawa anapita mbele yake kama anapita mbele ya kigogo. Kuku walidonoa kati ya miguu yake akitembea, hawakuhama, na hakuwakanyaga. Jirani yake, mzee wa Kiislamu waliyekuwa wakibishana naye habari za dini jioni zote kwa vicheko, aliniambia huku anajikuna kidevu: "Mama Upendo, namsalimia, ananijibu vizuri. Lakini jibu linachelewa, na linakuja kama mtu yuko upande wa pili wa bonde."

Esta ndiye aliyeniogopesha. Alinikuta gengeni, akanishika mkono. "Namwekea chakula, anakula mbele yangu, namwona anatafuna. Nikiondoa sahani, ni nzito vilevile." Akaanza kulia katikati ya watu. "Mama Upendo, baba hajarudi. Nirudishieni baba yangu."

Nikamwendea. Mimi nina mdomo, wanaonijua wanajua. Nilimwambia, "Katekista, hili sharti ni la kwako mwenyewe. Mnong'oneze mtu mwingine hilo jina, akuite, yaishe. Mnong'oneze Esta. Ninong'oneze hata mimi."

Alinitazama, na niliona macho yake yananitafuta kwanza kabla ya kunipata.

"Nimekwisha kumpa mtu, Mpishi. Nitamnyang'anya?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na nikilia, vyote kwa pamoja.

Mwaka uliofuata alivuka nasi tena. Tulinong'ona majina yetu, yeye hakunong'ona kwa mtu. Tulipofika kijijini, Bibi mwenyeji, yule ajuza anayetulaza kwenye nyumba zake kila mwaka, alitoka kutupokea kwa vigelegele. Akatushika mikono mmoja mmoja, Dawa, Fundi, Padre, mimi. Alipomfikia Katekista akasita.

"Karibu, mgeni. Huyu naye mmemleta wapi?"

Tukacheka. Dawa akasema, "Bibi, macho hayo! Huyu si Katekista?"

Bibi akamtazama tena, akatikisa kichwa taratibu, hana mzaha hata kidogo. "Katekista wenu yupo. Yuko kanisani na watoto. Tangu mwaka jana hajaondoka, si mlimwacha?"

Kicheko kikaisha. Tulikwenda kanisani wote, hata mizigo tuliiacha juani. Ilikuwa saa za asubuhi, jua limeingia kupitia matundu ya paa ambayo Fundi alikuwa hajayaziba. Watoto walikaa kwenye mabenchi, mikono magotini, wanatazama mbele. Mbele hapakuwa na mtu. Walinyamaza, kisha wakajibu kwa pamoja, "Mungu Baba, Mwumba mbingu na nchi." Wakanyamaza tena, kama watoto wanaoulizwa. Wakajibu. Mmoja akakosea, wenzake wakacheka, halafu wote wakaacha kucheka ghafla, wamekaripiwa.

Halafu kule mbele, kwenye meza tupu, pakasikika: khu-khu.

Niligeuka kumtazama Katekista wetu. Alikuwa bega kwa bega na mimi, na mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Padre alianza kusali kwa sauti. Katekista akamgusa mkono, akamwambia aache, anawavuruga watoto. Kisha akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, akasikiliza. Wiki zote mbili alifanya hivyo. Wanakijiji hawakuona ajabu yoyote, walimwita Mgeni na walimpa maembe makavu. Akitoka kanisani alinichotea maji na kunipasulia kuni, kazi ambazo mwanzo asingezigusa. Siku moja aliketi karibu na jiko langu, akasema, "Anafundisha vizuri."

"Nani?"

"Yule. Ana subira. Mimi sikuwa na subira hiyo."

Nikajifanya moshi umeniingia machoni. Nilimuuliza kama anaogopa. Akasukuma kuni moja ndani ya moto.

"Ninachoogopa ni kufa nikiwa huku na huku, Mpishi. Watanizika Mnyambe kando ya Mama Esta, na kaburini hatakuwamo mtu. Yeye atangoja tu."

Baada ya safari ile hakuvuka tena. Alisema akienda mara nyingine hatakuwa na sababu ya kurudi. Akaketi nyumbani, kwenye kigoda uwanjani, na koti lake, anapungua. Dawa alikwenda kumpima, akatoka amekunja uso. Alisema mapigo ya moyo yapo, ila ni lazima uyangoje.

Basi tukaenda bila yeye. Dawa alishika majina yetu. Kule ng'ambo somo la watoto liliendelea kama kawaida, na sisi tulikuwa tumeshaacha hata kulizungumzia. Siku moja kabla ya kurudi, mchana, niliteremka kijitoni kusugua masufuria. Nilikuwa peke yangu, jua la utosi, matete yametulia. Nikasikia mtu anaita.

Kwetu hukimbilii kuitika unapoitwa na usiyemwona. Nikanyamaza, mkono na majivu yangu. Sauti ikaita tena, kutoka upande wa mto, upande wa kwetu. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya mfukuza ngedere. Ningeitambua popote. Iliita jina la mwanamume, jina la zamani ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu, na ililiita wazi, bila haya, kama mke aliyechoka kunong'ona.

Kisha ikasema, kawaida kabisa, "Chai yako inapoa."

Nililia pale pale mbele ya masufuria. Hofu ilikuja baadaye. Kwanza niliona huruma tu, mama wa watu anaita na kuita, na anayeitwa hasikii. Nikasema kwa sauti, "Nimesikia, Mama Esta. Nitalifikisha." Matete hayakujibu kitu.

Kesho yake tulivuka. Nilipoitwa na kuitika, sikupitia hata nyumbani kwangu. Nililala kwa dada yangu njiani, asubuhi nikapata pikipiki, na jua lilipofika utosini nilikuwa Mnyambe. Alikuwa kwenye kigoda, koti mwilini. Mbwa amelala kwa kumpa mgongo. Kuku wanadonoa chini ya kigoda.

"Shikamoo, Katekista."

Nilingoja. "Marahaba," ikaja, kutoka mbali.

"Nimelipata."

Macho yake yakanitafuta. "Nani kakupa?"

"Mwenyewe. Anasema chai yako inapoa."

Hakuuliza zaidi, na sikuwa na zaidi. Akaweka mikono magotini, kama wale watoto. "Basi niite, mwanangu."

Mimi ni rika la Esta. Kumwita mzee kama yule kwa jina lake la jandoni, mwanamke, tena uwanjani ambapo jirani anasikia, ni utovu wa adabu ambao mama yangu angenichapa kwa ajili yake hata leo. Nilivua kandambili, sijui kwa nini. Nikajaza kifua, nikaliita.

Hapakutokea kitu. Upepo ulipita kwenye mikorosho. Nikaliita tena, kwa nguvu, mpaka sauti ikakatika.

Mbwa akainua kichwa. Akamtazama yule mtu wa kwenye kigoda, manyoya yakamsimama, akaanza kubweka kwa ukali kama aliyemkuta mwizi. Kuku wakaruka huku na huku wakipiga kelele. Mbwa akamsogelea akiunguruma, akamnusa mguu, akanusa mkono, halafu akapagawa. Alimrukia, akamlamba uso, akazunguka uwanja mzima akilia kwa furaha, akarudi kumrukia tena.

"Naam!" alisema Katekista. Ilikuwa hapo hapo, karibu, na ilijaa uwanja.

Esta alitoka jikoni akikimbia, mkono una unga. Alimkumbatia baba yake na wote wawili wakaanguka pamoja na kigoda. Jirani alichungulia juu ya ua, akasema "Alhamdulillahi," akafuta macho. Katekista akaomba chai. Akasema iwe na sukari, isiwe hizi za uchoyo, na akasema anaona joto. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akavua koti.

Esta alilichukua, akalikung'uta vumbi. Kutoka mifukoni zikamwagika karanga, nyingi, zimekaangwa na maganda yake mekundu.

"Baba, nani kakukaangia karanga? Sisi leo hatujakaanga karanga."

Katekista aliziangalia pale chini, wala hakushangaa. "Mpe Mpishi naye ale. Ni za njiani."

Nikaokota moja, nikaitia mdomoni. Iliniunguza ulimi.

Aliishi msimu mzima wa korosho baada ya hapo, anakula, anabisha, anakohoa Padre akizidisha. Alikufa kitandani kwake, mbwa akalia, na tulimzika kando ya mkewe. Jeneza lilikuwa zito. Waliolibeba walilalamika, na mimi nilifurahi kuwasikia.

Mwaka uliofuata mimi ndiye niliyeshika majina. Langu nilimwachia Esta. Ng'ambo, Bibi mwenyeji alitupokea, akahesabu nyuso zetu, akanivuta kando kabla sijatua mzigo.

"Katekista wenu alituaga vizuri," alisema. "Ilikuwa baada ya nyinyi kuondoka. Mchana, nakaanga karanga hapa nje. Nikamsikia kule kanisani anaitika, 'Naam,' katikati ya somo. Akatoka mbio na koti lake, mtu mzima yule. Kasema anaitwa nyumbani. Nikamwambia baba, ngoja basi zipoe nikufungie za njiani. Wapi! Alizizoa kwenye kikaango, akatia mifukoni, akashika njia ya mto."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Tangu siku ile nina wasiwasi, njia ni ndefu na mzee yule. Alifika?"

"Alifika, Bibi," nilimwambia. "Zilikuwa bado za moto."